Sauti Iliyouzwa

Kila jioni mdogo wa Maswali alijilaza kwenye kochi, simu sikioni, akisikiliza vitabu vya shule. Mtoto huyo hakuwa akiona tangu kuzaliwa. Programu iliyoundwa na mama yao ndiyo iliyomsomea, tena kwa sauti ya mama mwenyewe, na wanafunzi wengi wasioona waliitegemea. Maswali mwenyewe, dada mtu, alikuwa binti wa miaka kumi na miwili, na jina hilo alipewa kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo.

Siku moja alikuja afisa wa kampuni kubwa ya programu za kompyuta. Alisifu kila kitu, hadi mapazia.

"Tukiinunua hii, itafika dunia nzima," alisema.

"Kwani nyinyi si mna ya kwenu?" Maswali akadakia. "Hii ya mama mtaiendeleza au mtaizima?"

Afisa akacheka. Mama akamkata jicho binti yake. "Hebu nenda jikoni! Wakubwa wanazungumza."

Mama akatia saini mkataba wa kuiuza.

Mitihani ilipokaribia, simu ilinyamaza. Mdogo wake alibonyeza, akabonyeza tena. "Dada, mama hasomi."

Mama akampigia afisa.

"Tumeifunga," afisa alijibu. "Ilikuwa inatunyang'anya wateja."

"Basi nitaunda nyingine."

"Soma mkataba, mama. Huruhusiwi kuunda inayofanana nayo, wala kuiweka sauti ile katika programu yoyote."

"Sauti yangu?"

"Sasa ni mali ya kampuni."

Mama akaketi sakafuni. Mtoto alikuwa analia. "Mtihani nitaufanyaje?"

Maswali akachukua kitabu, akakiweka mapajani mwa mama. "Mkataba umekukataza kumsomea mwanao kwa mdomo?"

Mama akakifungua kitabu. Kisha akaanza kusoma.

Walimsomea kwa zamu hadi makoo yakawakauka, na mtoto akafaulu. Lakini mama hakufurahi sana.

"Mwanangu," alimwambia Maswali, "uliuliza swali la maana, nami nikakufukuza. Nililewa sifa. Usiuze kazi yako kabla ya kujua mnunuzi ataifanyia nini, na ni nani ataikosa. Ukiuliza, naye akacheka tu, usitie saini."

Simu ikaita. Alikuwa mzazi mwingine, akiuliza ile sauti imekwenda wapi.