Duara la Buluu

Duka la vyuma karibu na soko la Malindi lilikuwa limejaa Jumamosi ile. Nyevu, binti wa kijiji cha Ganda aliyemaliza stashahada ya ufundi miezi miwili nyuma, alikuwa amebanwa kwenye kaunta, gauni lake jeupe limelowa jasho, kompyuta ya mapajani ameikumbatia kifuani.

"Dada, hiyo kompyuta unauza?" aliuliza kijana mrefu mwenye ovaroli ya kijivu.

"Siuzi. Nachorea."

"Unachora nini, maua?"

"Vipuri," Nyevu alijibu, akiangalia viatu vyake.

"Basi Mungu amenisikia! Mimi ni Kiprop. Nakata chuma kwa mashine ya kompyuta pale mtaa wa Barani, na mchoraji wetu ameacha kazi."

Jumatatu Kiprop alimpeleka kwa mwenye karakana, Bwana Randu, akamsifu mpaka Nyevu akaona haya. Akapata kazi.

Mchana, wenzao wakienda kula, Kiprop alivuta kiti karibu naye.

"Nifundishe kuchora duara kwenye kompyuta, mwalimu."

"Weka kitovu, kisha andika kipenyo."

"Mbona langu la buluu?"

"Hujalifunga. Ukiligusa linakimbia. Pima kitovu kutoka ukingoni, kila upande. Likishafungwa linageuka jeusi, halisogei tena."

"Kumbe ni kama wewe. Nikikugusa unakimbia."

"Kaka Kiprop, wacha hizo!" Lakini alikuwa anacheka.

Haukupita mwezi, neno "kaka" likaachwa. Jioni simu ilikuwa haikauki.

"Umekula, mpenzi?"

"Muhogo wa nazi. Na wewe?"

"Ugali. Mama ameniuliza tena atakuona lini."

"Umemwambiaje?"

"Kwamba wewe ni mwoga, lakini utakuja."

Kisha ikaja kazi ya shamba moja la Matsangoni: vipande kumi na viwili vya chuma vya kushikia pampu za maji, kila kimoja na tundu katikati. Nyevu aliliweka duara la tundu kwa macho tu, bila kulifunga. Mteja akapiga simu, anataka vipande virefu zaidi. Nyevu akabadilisha tarakimu moja. Chuma kikarefuka upande mmoja, duara likabaki pale pale, naye hakutazama mara ya pili. Kiprop akavikata vyote.

Asubuhi Bwana Randu alivipanga mezani, matundu yote yamekaa kando.

"Nani kafanya upuzi huu?"

Nyevu alifungua kinywa. Akakifunga. Kiprop alimtazama, akangoja, akangoja tena.

"Ni mimi," alisema mwishowe. "Nililaza chuma vibaya kwenye mashine."

"Chukua vitu vyako uende!"

Usiku huo Kiprop alimpigia Nyevu.

"Nyevu, una neno la kuniambia?"

"Pole sana kwa kupoteza kazi," Nyevu akasema.

"Ahsante," Kiprop akajibu, na simu ikakatika.

Siku ya nne Nyevu aliingia ofisini kwa Bwana Randu, akaeleza yote huku akilia. Mzee akasema, "Kamwite arudi. Na wewe ukae."

Alikimbia hadi chumbani kwa Kiprop. Begi lilikuwa wazi kitandani.

"Nimemwambia! Kosa ni langu, Kip. Anakuita kazini!"

"Najua ni lako. Asubuhi ile niliufungua mchoro kabla hajafika. Duara lilikuwa la buluu."

Nyevu aliketi ukingoni mwa kitanda. "Mbona hukusema?"

"Nilikungoja. Halafu nikakupigia, ukanipa pole kama jirani."

"Niliogopa."

"Najua, mpenzi. Hata sasa sina hasira." Alikunja suruali, akaitia begini. "Lakini nilikuwa nataka kukuoa. Siku kama ile zingetujia nyingi, nami kila mara ningekuangalia nikingoja useme. Siwezi."

"Nitajifunza."

"Utajifunza. Umeshaanza leo." Akatikisa kichwa. "Mwambie Bwana Randu nashukuru. Nimepata kazi Eldoret."

Nyevu hakujua mikono yake aiweke wapi, akaanza kumkunjia mashati. Alikunja mawili.

"Hilo la tatu liache," Kiprop alisema kwa upole. "Nitalivaa safarini."

Nyevu akampa, akatoka nje ili Kiprop apate kuvaa.