Maji ya Samaki wa Ikola

Kila Jumamosi asubuhi Specioza alichemsha maji. Aliyachota kwenye pipa la mvua lililokuwa chini ya bati, akayatia kwenye sufuria kubwa, akachochea kuni mpaka maji yakatokota. Kisha aliyaacha yapoe na kuyachuja kwa kitambaa cheupe. Mtaani kwao Magamba, karibu na Mpanda, hapakuwa na maji safi kuliko yale.

Majirani walimtania.

"Mama Hana, hata kuku wako wanakunywa maji ya hospitali!"

Specioza alitabasamu tu. Walimwita Mama Hana, lakini Hana hakuwepo tena. Alikufa kwa kuhara akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Siku zile walikunywa maji ya kisima bila kuyachemsha. Baada ya msiba, nesi wa zahanati alimweleza Specioza jinsi maji machafu yanavyoua watoto. Specioza alilishika somo hilo kwa uchungu. Tangu hapo kila mtu wa nyumba ile alikunywa maji ya kuchemsha. Alifanya vizuri, na wewe msomaji ufanye hivyo hivyo.

Shida ni kwamba aliwachemshia na samaki.

Samaki hao walikuwa wa mama mkwe wake, Bibi Pudensiana. Bibi huyo alizaliwa Ikola, kando ya Ziwa Tanganyika, akaishi huko miaka yake yote. Kisha alipooza upande mmoja. Nathanael, mwanawe, mume wa Specioza, akamchukua akae naye Magamba. Bibi alitunzwa vizuri, lakini alikonda.

"Nataka kuyaona maji ya kwetu kabla sijafa," alisema kila mara.

Barabara ya ziwani ilikuwa mbaya, na mwili wake usingeweza safari ile. Nathanael alikuwa fundi wa madirisha. Alichukua vioo na vyuma, akatengeneza tangi, akaziba pembe zake kwa lami. Akaliweka karibu na kitanda cha mama yake. Malale, dereva wa lori la dagaa, akaleta mawe ya ziwani, madumu ya maji ya ziwa, na samaki wadogo weusi wenye mkanda wa njano tumboni. Ni samaki wa kwenye miamba ya Ikola.

Bibi Pudensiana alilia kwa furaha. Aliwasemesha samaki wale kwa lugha ya kwao. Jioni ile alimaliza ugali wote, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu aje.

Jumamosi ilipofika, Specioza alilisafisha tangi kama anavyosafisha mtungi wa kunywea. Alimwaga maji yote nje. Alisugua mawe mpaka yakang'aa. Akajaza maji yake mazuri ya mvua, yaliyochemshwa na kuchujwa. Jumamosi iliyofuata akafanya vile vile.

Samaki wakaanza kufa. Wengine walilala ubavu chini ya mawe. Wengine walipanda juu wakihema, na asubuhi walikutwa wakielea. Kadiri samaki walivyopungua, Bibi Pudensiana naye alipunguza kula.

"Hata samaki wa kwetu hawataki kukaa na mimi," alisema, akageuza uso ukutani.

Specioza alitoka nje akalia jikoni. Aliongeza bidii ya kuchemsha.

Walipobaki samaki watatu, Nathanael alikwenda kumwita Dafrosa. Huyu alikuwa bibi samaki, yaani ofisa uvuvi wa serikali, jirani yao ng'ambo ya barabara. Alikuwa amerudi kutoka safari ya kazi huko ziwani. Dafrosa alimsalimia mgonjwa kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka kwetu?"

"Nimetoka kwenu. Ziwa limetulia."

Kisha aliinama akatazama tangi.

"Mama Hana, maji haya ya wapi?"

"Ya mvua, dada. Nayachemsha, nayachuja. Nabadilisha yote kila Jumamosi."

"Yote?"

"Yote. Na mawe nasugua."

Dafrosa aliacha kutazama tangi, akamgeukia. Alijua anachotaka kusema kitauma.

"Sikilizeni," alisema. "Maji ya ziwa letu siyo maji matupu. Yana madini yaliyoyeyuka, hayaonekani kwa macho. Kuna chokaa, na kuna madini yanaitwa magnesiamu. Maziwa mengine mengi yana chokaa kuliko magnesiamu. Tanganyika lina magnesiamu nyingi. Samaki hawa wamezaliwa humo, miili yao imezoea."

"Na maji ya mvua?" aliuliza Nathanael.

"Hayana madini hayo. Kumweka samaki huyu kwenye maji ya mvua ni kama kumpa mtu uji usio na unga. Tena ukiyachemsha, hewa anayovuta samaki inatoka. Na ukibadilisha yote kwa siku moja, mwili wake unashtuka."

Specioza alikaa chini sakafuni.

"Basi nimewaua mimi."

Sauti nzito ya Bibi Pudensiana ikatoka kitandani. Midomo yake ilikuwa imepinda, maneno yalitoka kwa shida.

"Mwanangu, ulikuwa unamchemshia Hana. Mimi nilikuwa nakuona."

Specioza akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata siku ya maziko.

Alipotulia, Dafrosa alieleza cha kufanya.

"Magnesiamu ipo duka la dawa hapo mjini. Ni chumvi ya haluli."

Specioza aliinua kichwa.

"Haluli? Ile ya kuharisha?"

"Hiyo hiyo."

"Dada, hapana. Nyumba hii siingizi kitu cha kuharisha. Hapana."

Dafrosa hakumcheka. Alimshika mkono.

"Nakuelewa. Kwa mtu inaendesha tumbo, ndiyo maana maji haya asinywe mtu hata tone. Ndoo yake iwe peke yake, na alama. Lakini kwa samaki hawa ndiyo madini ya kwao. Maji ya watu endelea kuchemsha, usiache kabisa. Maji ya samaki usichemshe."

Nathanael alikwenda mjini kwa baiskeli. Alirudi na pakiti ya haluli na kopo la baikaboneti, yale magadi laini ya maandazi. Akaenda moja kwa moja kwenye tangi, akafungua pakiti.

"Subiri!" alisema Dafrosa. "Unamwaga yote?"

"Dada, mama yangu anaondoka. Unamwona mwenyewe. Nataka aone samaki wazima leo."

"Ukimwaga yote leo, kesho tunawazika samaki. Madini yakipanda ghafla yanaua kama yalivyoua yaliposhuka. Lazima twende polepole."

"Mama hawezi kungoja polepole!"

"Nathanael," aliita mama yake. "Fuata anavyosema mwenzako."

Nathanael akashusha mkono, na machozi yakamtoka mbele ya wanawake.

Dafrosa alichanganya kwenye ndoo ya lita ishirini iliyojaa maji ya mvua. Alitia vijiko viwili vya chai vya haluli, vilivyosawazishwa kwa kisu. Akatia vijiko viwili vya baikaboneti, kisha chumvi ya mezani kidogo sana. Alikoroga kwa kuchota na kumwaga kutoka juu, ili hewa iingie. Kisha alitoa jagi moja tu la maji kwenye tangi, akarudisha jagi moja kutoka kwenye ndoo.

"Kesho jagi moja tena. Hivyo hivyo mpaka maji yote yawe ya ndoo hii. Baada ya hapo, kila wiki mbadilishe kidogo tu. Na mawe msisugue."

"Joto likipunguza maji ya tangi, nijaze ya ndoo?" aliuliza Specioza.

"Hapo ongeza maji ya mvua matupu. Maji yanakauka, lakini madini yanabaki ndani. Ukiongeza ya haluli, madini yatazidi. Maji ya haluli ni ya kurudishia yale uliyoyatoa kwa mkono wako."

Specioza aliifunga ndoo ile kitambaa chekundu. Siku za kwanza, kila alipomaliza kupima haluli alinawa mara nyingi. Hata hivyo samaki mmoja alikufa. Wawili wakabaki, dume na jike. Polepole wakaanza kuogelea katikati ya tangi na kula utando wa kijani juu ya mawe.

Lakini Bibi Pudensiana hakupata nafuu. Kila siku sauti yake ilizidi kufifia. Asubuhi moja alimwita mkwewe kwa kidole.

"Tazama koo la jike. Limevimba. Na leo hataki kula."

"Anaumwa, mama?"

"Ana watoto kinywani. Samaki hawa wanalea mdomoni. Mama anakaa na njaa mpaka watoto wawe na nguvu. Usimguse. Usimtishe."

Specioza alikaa naye wakatazama pamoja. Bibi alimshika mkono kwa ule mkono wake mzima.

"Umenirudisha kwetu," alisema.

Alifariki wiki hiyo hiyo, kabla jike hajafungua kinywa. Walimzika Magamba, mbali na ziwa lake. Nathanael alitaka kumpeleka Ikola, lakini mvua ilikuwa imekata barabara. Jambo hilo lilimwuma sana, na linamwuma hadi leo.

Wakati wa matanga nyumba ilijaa watu. Specioza aliwachemshia wote maji ya kunywa. Tangi alilifunika kwa khanga ili kelele na watoto wa wageni wasimsumbue yule jike. Kila siku alichungulia kidogo, akafunika tena.

Wageni walipoondoka, aliifunua khanga. Jike alikuwa pembeni, amekonda, anakula kwa pupa. Kati ya mawe ya Ikola walizunguka samaki wadogo kama punje za mahindi, kila mmoja na mkanda wake hafifu.

Specioza aligeukia kitanda. Kilikuwa kimetandikwa, hakina mtu.

"Mama, wametoka," alisema.

Alisimama pale muda mrefu. Halafu aliona maji ya tangi yamepungua kwa joto. Akaenda kwenye pipa, akachota jagi la maji ya mvua, yasiyochemshwa, akayamimina taratibu pembeni mwa kioo ili wadogo wasishtuke.