Mpigaji wa Saa Kumi

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Mgeni aliyeingia kwa Mwalimu Mwanahawa hakubisha hodi wala hakuvua viatu, na alipoondoka mwenyeji hakupona: akiba yake yote ya uzeeni ilikuwa imekwenda.

Alhamisi, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, Koplo Esta alifika katika nyumba hiyo ya Rahaleo, mjini Mtwara. Mwalimu, mjane mstaafu, alikuwa ameketi mbele ya kompyuta yake mpakato kama mtu anayekesha na maiti. Aliyemkuta hivyo alfajiri ni Telma, mpangaji wa chumba cha uani, binti ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Aliyeita polisi ni Bwanaheri, mdogo wake Mwalimu, aliyekuja mbio kwa bodaboda kutoka Mikindani.

"Afande, mwizi ndiye huyu," Bwanaheri alisema, kidole kikimwelekea Telma. "Nani mwingine anaijua mashine hii? Ahame leo leo!"

Mwalimu akainua kichwa. "Akihama yeye, nitaongea na nani? Na wewe unayekuja Idi hadi Idi?"

Bwanaheri akakishusha kidole.

Esta alivuta kiti. Alikuwa na miezi mitano tangu ahamishiwe Mtwara, na bado alikula chakula chake cha jioni peke yake. "Shikamoo, Mama. Nieleze tangu mwanzo."

"Marahaba. Jumanne ya wiki iliyopita kioo kiligeuka chekundu. Kikaandika: una virusi, usizime, piga namba hii. Nikapiga. Akapokea kijana mwenye adabu, akasema yeye ni wa kitengo cha msaada wa kompyuta. Virusi vyangu ni sugu, atavisafisha kidogo kidogo akiwa huko huko."

"Akawa anapiga saa ngapi?"

"Saa kumi alasiri, kila siku, siku tisa. Jana akaniambia nihakikishe pesa zangu benki ni salama. Ukaja ujumbe wenye namba ya siri. Nikamsomea."

"Mama, onyo la kweli la kompyuta halikuwekei namba ya simu. Na namba ile haisomewi mtu, hata mwanao."

Mwalimu aligeuza uso dirishani. Esta aliona.

"Kwa nini ulimwamini?"

"Aliniita Mama Shafii."

"Si ndivyo unavyoitwa?"

"Hapa mtaani anaitwa Mwalimu," Telma alidakia. "Hakuna anayemwita hivyo."

"Akaniuliza, Shafii hajambo?" Sauti ya Mwalimu ilishuka. "Nikamwambia hajambo, yuko Dar, mhasibu."

"Ulishawahi kumwambia mtu mwingine hivyo?"

"Nimwambie nani?"

Bwanaheri alijifunika uso kwa viganja. Telma ndiye aliyesema: "Afande, Shafii alifariki mwaka tisini na sita, ana miaka sita. Kila mwezi nampeleka Bibi makaburini Mikindani. Namshikia mwavuli."

Esta aliweka kalamu chini. "Mzee, ulikuwepo mazikoni?"

"Nilimshusha kwa mikono hii."

"Basi wewe na Telma mmetoka kwenye daftari langu la washukiwa. Anayejua kaburi asingethubutu kuuliza hajambo. Mama angekata simu pale pale. Tunamtafuta mtu mwenye jina bila habari."

Akaigeuza kompyuta. Chini yake kulikuwa na kipande cha karatasi ya gundi, kimeandikwa kwa kalamu nene: *Mwl. M/hawa. Haiwaki. Shafii1990.*

"Ya fundi hiyo," Bwanaheri alisema. "Mwezi uliopita iligoma, nikaipeleka mimi kwa Twahiru, karibu na stendi. Mafundi wetu hubandika jina, ugonjwa na nywila, wasichanganye."

"Na nywila za mji huu nusu yake ni majina ya watoto," Esta alisema. "Fundi hahitaji hata kubahatisha."

Saa nane na robo mchana, Esta na Mwalimu walisimama mlangoni mwa fremu ya Twahiru. Kijana alikuwa ameinamia mashine, anachomelea waya.

"Karibuni, karibuni."

Mwalimu alimbana Esta kiwiko. Sauti ile. Lakini Esta alijua kuwa sauti peke yake haimfungi mtu.

"Unamfahamu mama huyu?"

"Hapana, afande. Mashine nyingi huletwa na watu wengine, wenyewe hata siwaoni."

"Huyu ni Mama Shafii. Kaibiwa kila kitu. Tunapita kumchangishia, maana hana mtu."

"Hana mtu vipi?" Twahiru alicheka kidogo, mkono ungali kazini. "Mwanawe si mhasibu Dar? Huyo Shafii atume..."

Akaweka chini chuma cha kuchomelea. Moshi wa risasi iliyoyeyuka ukapanda katikati yao.

"Nani kakuambia?" Esta aliuliza.

"Watu wanasema, afande."

"Watu gani? Shafii ana karibu miaka thelathini kaburini. Maneno ya Dar yalitamkwa kwa mtu mmoja tu: mpigaji wa saa kumi. Fungua droo."

Ndani yake mlikuwa na simu ya kitochi. Esta aliichukua, na kwa simu yake mwenyewe akapiga namba ya lile onyo jekundu. Kitochi kikaita mkononi mwake.

Twahiru alikaa. "Kodi ya fremu ilinishinda. Lile onyo nililiweka wakati natengeneza, lijitokeze baadaye. Nilipanga nichukue siku ya kwanza tu, lakini mama alikuwa anasimulia. Mimi hanipigii simu mtu ila kuuliza mashine yake imepona. Nikawa naingoja saa kumi."

"Ukaingoja, kisha ukaiba."

"Nikaiba."

Pingu zilipofungwa, alimgeukia Mwalimu. Machozi yalimlenga, ila hasira pia ilikuwemo. "Na wewe ulinidanganya, mama. Shafii kapandishwa cheo, Shafii kanitumia hiki. Mimi niwie radhi, nawe uniombe radhi, yaishe kiutu uzima."

Mwalimu Mwanahawa alifunga ushungi wake vizuri, taratibu, kama anayejiandaa kuingia darasani.

"Afande, mwambie mdogo wangu Telma anabaki nyumbani kwangu. Wewe, ya pesa utaiambia mahakama. Na Shafii kwa siku tisa alikua, akasoma, akapata kazi, na kila alasiri kuna mtu alimuulizia." Akatoka mlangoni. "Radhi siombi."