Sarafu Iliyoachwa Kwenye Mizani

Jumamosi, tarehe 12 Julai mwaka 2008, asubuhi, mwili wa Mma, yaani Mama, Seipati Motsumi ulikutwa jikoni mwake, mtaani Kagiso, magharibi mwa Johannesburg. Alilala kifudifudi kando ya jiko la makaa, kisogo kimepasuka. Pasi ya chuma ilikuwa sakafuni, imelowa damu.

Marehemu alikuwa mtunza hazina wa Ikageng, kikundi cha akina mama waliochangishana kununua sarafu za dhahabu, ili akiba yao isiliwe na kupanda kwa bei. Mkoba wa sarafu haukuonekana.

Inspekta Segametsi Tladi alipofika, umati ulikuwa umejaa uani, umezingira kibanda cha bati. Ndani yake alikuwa amejifungia mpangaji, Yohane Chirwa, fundi viatu kutoka Malawi. Mwanamume mmoja alishika galoni la mafuta ya taa.

"Mtoeni huyo mgeni! Ndiye kaua!"

"Nani kamwona?" Inspekta aliuliza.

"Sasa awe nani, Mma? Sisi tunauana wenyewe?"

Mambo ya mwezi Mei, wageni waliposhambuliwa na kuchomwa moto mitaani, yalikuwa hayajasahaulika. Kila mtu alijua galoni lile lilikuwa la kazi gani.

"Konstebo, simama mlangoni hapa. Usiondoke hata nikikuita."

Kisha aliinama kwenye ufa wa bati. "Chirwa, ni polisi. Jana jioni ulisikia nini?"

"Vikombe, Mama. Walikuwa wanakunywa chai. Mama mwenye nyumba akasema, 'Nimekuita peke yako nisikuaibishe.' Sikusikia zaidi. Mama, wanawasha?"

"Bado."

Inspekta aliingia jikoni. Mlango haukuvunjwa. Juu ya meza palikuwa na mizani ya kupimia unga, na juu ya mizani sarafu moja ya dhahabu, ingali ndani ya kifuko cha plastiki chenye nembo ya benki. Kando yake, vikombe viwili vya kaure vilikuwa vimeoshwa na kufunikwa.

Sebuleni aliketi Mma Basetsana Lesejane, mnunuzi wa kikundi, rafiki wa marehemu tangu usichana wao. Alilia huku ameukumbatia mkoba wake wa mkononi.

"Pole, Mma."

"Pole ya nini? Mwizi yuko hapo nyuma, nyinyi mnauliza maswali!"

"Nani alisema ni Chirwa?"

"Mtaa mzima unajua."

"Wa kwanza kusema alikuwa nani?"

Mma Lesejane alipenga kamasi. "Mimi. Ni kosa?"

"Sarafu mlinunua wapi?"

"Kwa wakala mmoja mjini. Rahisi kuliko benki. Mimi ndiye niliyempata."

"Mlizipima?"

Mama yule alishtuka kama aliyetukanwa. "Kupima? Ikageng hatupimi kitu alicholeta mwenzetu, Mma. Huko ni kumwita mwizi mbele za watu."

Jiwe lilipiga bati huko nje. Umati ulishangilia.

Inspekta alisogeza kiti karibu. "Basi Mma Motsumi alipima kwa siri. Alinunua sarafu moja halali benki, akailinganisha na zenu, akaona zenu ni bandia. Aliyemuua alibeba zote, akaiacha hiyo moja. Mwizi gani wa dhahabu anaacha dhahabu mezani?"

Mma Lesejane aliuvuta mkoba wake kifuani.

"Mwizi gani anaosha vikombe? Na vikombe vile ni vya mgeni wa heshima, si vya mpangaji. Fungua mkoba."

"Sifungui."

"Ukichelewa, watamchoma mtu."

Mkoba ulifunguliwa. Sarafu zilimwagika sakafuni. Moja ilikuwa imekwanguliwa ukingoni. Chini ya rangi ya dhahabu palikuwa na chuma cha kijivu.

"Hata mimi nilidanganywa!" alilia. "Naapa sikujua! Seipati alitaka kesho nisimame mwenyewe niwaambie wenzangu. Nikamsihi anyamaze, akasema ni akiba ya wajane, haitanyamaziwa. Akageuka kuchochea makaa..."

"Ukashika pasi."

"Mma, unawajua watu hawa. Wangesema nimekula na wakala. Wangenichoma ndani ya nyumba yangu!"

"Ukawapa mwingine wa kuchoma."

Harufu ya mafuta ya taa iliingia dirishani. Inspekta alimfunga pingu, akamwinua.

"Utasema mwenyewe, kwa sauti."

"Wataniua!"

"Nitatangulia mbele yako."

Uani, Mma Lesejane alisema. Alisema mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza hawakutaka kusikia. Mwenye galoni aliliweka chini, akajipangusa mikono kwenye suruali. Watu waliondoka mmoja mmoja, wakitazama miguu yao.

Konstebo aligonga bati. "Toka, baba. Yamekwisha."

Chirwa hakufungua. Alisikika akisogeza kitanda, akikisukumiza mlangoni.

Wewe uliyeisoma habari hii, msomee na mwenzako asiyejua kusoma, hasa aliye katika kikundi cha akiba. Mwambieni anayewaletea dhahabu ya bei nafuu aipime mbele yenu wote, naye asione ni tusi.