Tangazo la Madaktari wa Macho

Kila alipotoka shule, Mahlet alipitia ofisi ya zahanati, ambako mama yake, Bi Tsehaynesh, alikuwa karani. Zamani mama alipiga chapa kwa mashine iliyolia ta-ta-ta, kisha akamsomea Mahlet kila barua kwa sauti kabla ya kugonga muhuri. Jinsi Mahlet alivyozipenda jioni zile! Sasa kompyuta ilikuwa na akili mnemba. Barua ilitoka kufumba na kufumbua, na hakuna aliyesoma tena.

Siku moja ilifika barua ya Kiingereza kutoka Addis Ababa. Madaktari wa macho, ambao huja mara moja tu kwa mwaka, wangefika tarehe 22 Oktoba.

"Mwanangu, iambie hiyo kompyuta itutolee tangazo la Kiamhari," mama alisema. "Wagonjwa wamejaa mlangoni."

Tangazo likatoka, zuri kwelikweli. Mahlet hakulipitia. Mama naye akagonga muhuri, likabandikwa: tarehe 22 Tikimt, mwezi wa Kiethiopia.

Nyumbani walimkuta bibi jirani yao, Emama Asegedech, akinywa kahawa. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemziba macho, akitembea kwa kupapasa ukuta.

"Emama, madaktari wanakuja tarehe ishirini na mbili Tikimt!" Mahlet alimwambia.

"Acha utani, we mtoto! Daktari wa macho mwenyewe alinipigia simu, akasema siku ya Mikaeli. Nikamgombeza, anataka nikose kanisa!"

Mahlet alishtuka. Sikukuu ya Malaika Mikaeli ni tarehe kumi na mbili Tikimt, yaani keshokutwa! Na Tikimt huanza siku kumi baada ya Oktoba, hivyo tarehe 22 Oktoba ndiyo 12 Tikimt. Kompyuta ilibadilisha jina la mwezi, lakini tarehe ya kizungu ikaiacha vilevile.

"Ole wetu!" mama alilia. "Watu watakuja madaktari wameshaondoka!"

Walikimbia kulibandua tangazo. Wakamwomba kasisi atangaze kanisani, kisha wakazunguka nyumba kwa nyumba, wakiomba radhi kila mlango.

Siku ya Mikaeli, baraza la zahanati lilifurika watu. Mama alimshika Mahlet bega.

"Kompyuta itusaidie, sikatai. Ila haimjui Emama, wala haitamwomba radhi mtu. Wewe hukupitia, nami nikagonga muhuri. Kosa ni letu. Usitoe kazi mkononi mwako kabla hujaikagua."

"Nimekosa, mama."

Siku hiyo Emama alipasuliwa macho, na kesho yake akafunguliwa bandeji. Akapepesa macho, akamtazama Mahlet juu hadi chini.

"Ni wewe huyu? Mara ya mwisho kukuona ulinifika kiunoni!"