Pikapu ya Ildefonsa

Siku ya gulio, barabara ya Kasulo huwa haipitiki. Malori yanayoelekea mpakani hupanga foleni kando ya vibanda, baiskeli zenye mikungu ya ndizi hujipenyeza katikati yake, na wauza maharage hutandika maturubai hadi ukingoni mwa lami. Hapo hapo, katikati ya msongamano, ndipo pikapu ya Ildefonsa ilipozimika.

Haikukohoa. Taa za dashibodi zilififia, injini ikanyamaza, na dereva wa lori lililokuwa nyuma akalalia honi.

"Dada, toa jeneza lako barabarani."

"Shuka ulisukume wewe mwenye nguvu," Ildefonsa alimjibu, akashuka na kufungua boneti.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye gauni la kitenge cha bluu na kilemba alichokifunga kwa haraka alfajiri ile. Kwao ni Mbuba. Alinunua maharage na ndizi kwa wakulima akazisambaza Kasulo na Biharamulo, kwa pikapu aliyoachiwa na marehemu baba yake. Gari lilikuwa limetembea zaidi ya kilomita laki nne, na tangu mvua zianze lilikuwa na ugonjwa usioeleweka: lilizimika lilipotaka na kuwaka lilipotaka. Kila likifikishwa kwa fundi, linakuwa zima. Mmoja alibadilisha betri, mwingine alternata, wa tatu akamshauri aliombee.

"Mwiteni yule fundi umeme mpya," alisema muuza nyanya mmoja. "Yule aliyetoka Kahama."

Fundi akaja, ovaroli ya kijivu imekunjwa mikono, mita ya kupimia umeme ikining'inia shingoni. Alipoinua uso, Ildefonsa akamtambua. Alikuwa Hakizimana.

Miaka mitatu nyuma, Hakizimana alipaswa kufika Mbuba na wazee wake kujitambulisha. Mama yake Ildefonsa, Esperansia, alipika tangu usiku. Majirani walikaa uani na nguo zao za kanisani. Baba alikuwa mgonjwa, lakini alijikokota akaketi kwenye kiti, amevaa koti. Wageni hawakuja. Simu ya Hakizimana ikawa haipatikani siku ile, kesho yake, na siku zote. Watu waliondoka wakinong'ona. Baba alifariki kabla ya mavuno yaliyofuata, na mbele ya kaburi lake Ildefonsa aliapa kimoyomoyo kwamba Mungu akimkutanisha tena na mwanamume yule, atamlipa.

Sasa huyo hapa, anafuta mikono kwenye tambara.

"Habari yako, Ildefonsa," alisema kwa sauti kavu.

"Nzuri, fundi. Gari ndilo lenye habari mbaya."

"Linazimika likiwa la moto au la baridi? Kwenye mashimo au kwenye lami?"

"Linazimika nikiwa na haraka."

Mdomo wa Hakizimana ulicheza kidogo, akauzuia. Walilisukuma gari hadi gereji yake, nalo lilipofika likawaka kwa ufunguo wa kwanza. Ildefonsa alisubiri aambiwe ni zima. Badala yake Hakizimana aliliacha likiunguruma, akawasha taa zote, kisha akaanza kutikisa mafungu ya waya moja moja huku macho yake yakiwa kwenye taa. Akamwagia maji hapa, akapasha moto pale. Mwishowe akaweka ncha moja ya mita kwenye betri na nyingine kwenye injini.

"Umeme unapotea njiani," alisema. Akachana plastiki ya waya mnene wa ethi, ule unaorudisha umeme wa gari zima kwenye betri. Ndani, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. "Zimebaki nyuzi chache. Zikigusana, gari linawaka. Zikiachana, limekufa. Kwa nje huwezi kujua."

Aliweka waya mpya, akakaza nati yake, kisha akapitisha mstari wa rangi nyekundu juu ya nati na chuma kilichoishikilia.

"Mumeo hakuwahi kuangalia hapa?" aliuliza bila kumtazama.

Ildefonsa aliona anadhihakiwa. "Sina mume. Wanaume wa siku hizi wanapotea njiani kama umeme wako."

Hakizimana aliduwaa na spana mkononi.

Njia nzima ya kurudi Mbuba, Ildefonsa alikuwa akipanga. Fundi mgeni hana kingine zaidi ya jina lake, na jina hilo ndilo angelivunja. Gulio lililofuata, kabla hajaingia Kasulo, alisimama kando ya barabara, akafungua boneti na kuilegeza ile nati. Pikapu ilizimika mbele ya madereva wote.

"Si uliipeleka kwa yule wa Kahama?" waliuliza.

"Ndiye huyo. Anabahatisha tu," alisema kwa sauti ya kusikika.

Kisha akapiga simu. "Fundi, mgonjwa wako ameanguka tena."

"Ameangukia wapi?"

"Hapa stendi. Wote wanamwona."

"Na wewe umekula?"

"Linaloumwa ni gari, si mimi."

"Nimeuliza kwa sababu nina mahindi ya kuchoma hapa. Nikuletee?"

Alikuja na muhindi uliofungwa kwenye ganda lake. Akainama kwenye boneti, akaitazama nati kwa muda, akaikaza. Ildefonsa aliula muhindi ule kwa hasira, na kilichomkasirisha zaidi ni kwamba ulikuwa mtamu.

Alirudia tena, na tena. Madereva wakaanza kupeleka magari yao kwingine. Frida, rafiki yake muuza vitenge, alimwambia gereji ya Hakizimana sasa inashinda tupu. Ildefonsa alicheka, lakini kicheko hakikushuka hadi moyoni. Jioni simu ya fundi ilikuwa imeshaanza kuingia yenyewe.

"Mgonjwa ameamkaje?"

"Ametulia. Anakusalimia."

"Na mwenye mgonjwa?"

"Huyo hakusalimii."

"Basi mwambie mimi namsalimia, atake asitake."

Alikata simu na kukuta anatabasamu peke yake gizani. Akajionya. Kumpenda tena ingekuwa kumsaliti baba.

Asubuhi moja ya manyunyu alikuwa anampeleka mama yake kliniki. Nati alikuwa ameilegeza jana yake akijiandaa kwa gulio, akakusudia kuikaza kabla ya safari hii, akasahau. Kwenye mteremko, kabla ya kona, dashibodi ikafifia. Injini ikazima, breki zikawa nzito kama jiwe, na mbele yao lori la mizigo lilikuwa linapanda. Ildefonsa aliuvuta usukani kwa nguvu zake zote. Pikapu ikajibamiza kwenye ukingo wa udongo, na lori likapita likirusha matope kwenye kioo.

Mama Esperansia alikuwa ameshika paji la uso. Damu kidogo ilimchirizika kati ya vidole.

"Niko hai, mwanangu," alisema.

Ildefonsa hakukumbuka alivyobonyeza namba. Alisikia tu sauti yake ikisema, "Haki, njoo," jina ambalo hakuwa amelitamka kwa miaka mitatu.

Hakizimana alifika kwa pikipiki, ameloa. Alianza na mama. "Shikamoo, mama." Akamfunga kidonda kwa kitambaa safi, akamsimamishia gari la mpita njia limpeleke kliniki. Mama alikataa kusindikizwa. "Baki na gari lako," alimwambia bintiye, akiwaangalia wote wawili. Ndipo Hakizimana akafungua boneti.

"Njoo uone," alisema. "Mstari wangu mwekundu ulikuwa umenyooka kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Mtikisiko hauwezi kuizungusha nati hii kiasi hiki, na mtikisiko hauachi mikwaruzo ya spana."

Ildefonsa aliinamisha kichwa. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu ule muhindi."

"Ukanyamaza, watu wakikuita mbabaishaji?"

"Kila gari likizimika, ulikuwa unanipigia simu. Sikutaka uache." Sauti yake ikabadilika, ikawa ngumu. "Lakini leo ungemuua mama yako. Na sijui unanilipizia nini. Mimi ndiye niliyekataliwa."

"Wewe ulikataliwa?" Ildefonsa alimsogelea, kidole kifuani mwake. "Baba yangu alikaa na koti lake mpaka jua likazama. Wewe hukuja."

"Nilikuja. Tulikuja na baba, na wazee wa kwetu Runazi, na kreti zetu za soda. Baba yako mdogo Gaspari alitupokea barabarani, pale njia inapokata kuja kwenu. Akasema umemtuma wewe mwenyewe. Kwamba umeposwa na mtumishi wa serikali wa Biharamulo, na unaomba nisikupigie tena. Baba yangu akauliza mara mbili kama amesikia vizuri. Tukageuza. Nikavunja laini ya simu nikaenda Kahama."

Manyunyu yaliendelea kuanguka juu ya injini. Ildefonsa alikumbuka jinsi baba mdogo Gaspari alivyorudi uani siku ile, akisikitika kuliko wote, akisema watu wa kuja ndivyo walivyo.

"Ukamwamini," alisema hatimaye. "Hukuniuliza mimi hata neno moja."

"Nilimwamini. Tangu utotoni naitwa mkimbizi, nami nilizaliwa Runazi, hapa hapa nchini. Niliona yametimia niliyoyaogopa."

"Basi na wewe una deni lako."

"Nalikubali," alisema Hakizimana. "Nidai."

Gulio lililofuata Ildefonsa alisimama stendi na kuwaambia madereva ukweli: nati alikuwa akiilegeza yeye, kwa sababu zake, na fundi hakuwa na kosa. Walimcheka sana, naye akavumilia. Kisha akaenda kumuuliza baba mdogo juu ya siku ile.

Gaspari hakukana. "Nilikuepusha," alisema, akikwepa macho. "Ukoo wetu uko hapa tangu zamani. Wale walivuka mpaka na mabunda kichwani."

"Kaka yako alikufa akiamini binti yake ametupwa."

"Yamepita hayo. Tuyafukie humu humu ndani."

"Hakizimana na wazee wake watakuja tena," Ildefonsa alisema kwa upole uliomtia baba mdogo wasiwasi. "Baba hayupo. Utawapokea wewe, kama desturi inavyotaka."

Alikubali upesi, akidhani amesamehewa.

Siku ilipofika, ua wa Mbuba ulijaa. Mzee Nizigiyimana, baba yake Hakizimana, aliketi mbele ya wazee wa Runazi, fimbo katikati ya magoti. Hakizimana alivaa suti nyeusi iliyombana mabega. Ildefonsa alitolewa ndani akiwa na gauni la kijani, mabega wazi, shanga nyeupe shingoni, na wanawake wakapiga vigelegele. Gaspari alisimama, uso umejaa ukubwa.

"Binti yetu," alisema kwa madaha, "wageni hawa wanasema wametumwa na moyo wao hapa. Unawafahamu?"

Ildefonsa alikaa kimya. Vigelegele vilikufa. Jasho lilimtoka Hakizimana kwenye nyusi. Mama Esperansia alitazama chini, kwani alikuwa ameambiwa kitakachofuata.

"Nawafahamu," alisema Ildefonsa mwishowe. "Lakini wewe, baba mdogo, ulikutana nao kabla yangu, miaka mitatu iliyopita. Waeleze watu mlikutana wapi, na uliwaambia nini."

Gaspari alitafuta uso wa kumwokoa uani kote, asiupate. Majirani wale wale wa siku ile walikuwa wamekaa pale pale, nao walisubiri. Basi akasema. Alisema kwa vipande, kwa sauti iliyozidi kupungua, mpaka wazee wa nyuma wakamtaka arudie.

Alipomaliza, Mzee Nizigiyimana aliinuka kwa fimbo yake. "Siku ile niliuliza mara mbili kama nimesikia vizuri," alisema taratibu. "Leo nimesikia. Kaa chini, bwana, tuendelee. Tumekuja kuoa, hatukuja kuzika mtu."

Gaspari alikaa. Hakunyanyua tena macho hadi chakula kilipoletwa, na hata hapo hakuna aliyemsogezea sahani mpaka Mama Esperansia alipofanya hivyo yeye mwenyewe.

Baadaye, watu walipokuwa wanacheza, Hakizimana alimkuta Ildefonsa nyuma ya nyumba.

"Ule ukimya," alisema, akifuta shingo kwa leso. "Nilijua unasema hapana. Nilitaka kukimbia."

"Najua. Nilikuwa nakuangalia."

"Ulikuwa wa baba mdogo tu, au na mimi nilikuwemo?"

"Mwingi ulikuwa wako."

"Kwa hiyo tumelipana?"

Ildefonsa aliichukua ile leso mkononi mwake, akamfuta jasho lililobaki chini ya kidevu, polepole, bila haraka yoyote.

"Bado, mpenzi," alisema. "Nitakuambia siku ikifika. Wewe ishi na mimi, uwe unaniuliza."