Shangazi Amegoma Kula

Shangazi alikuwa paka, lakini ungekaa naye siku moja tu ungeelewa kwa nini hakupewa jina jingine. Kazi yake ilikuwa kukosoa watu. Wateja walipoingia kupimwa nguo, yeye alijikalia juu ya meza ya kukatia, akawatazama kutoka utosini hadi unyayoni, kisha akageuza uso kama aliyeona ya kutosha. Fundi, mjane aliyeshona nguo za wanawake katika chumba cha mbele cha nyumba yake, alikuwa amezeeka pamoja naye. Mume alizikwa, watoto wakaoa na kuolewa wakahama, Shangazi akabaki. Kwa hiyo asubuhi ile paka aliponusa sahani yake ya samaki, akarudi nyuma taratibu na kuikodolea macho pembe iliyo nyuma ya cherehani, Fundi hakupenda hata kidogo.

"Kuna nini, mama?" akamuuliza. "Si samaki yule yule wa jana?"

Shangazi hakumjali. Mchana Fundi akaikuta sahani imelambwa ikang'aa, akacheka, akasema kumbe bibi mzima anaringa. Lakini paka alikuwa amelala pale pale kwenye mto wake. Siku zilizofuata ikawa vivyo hivyo. Sahani ilikuwa ikimalizika, na Shangazi alikuwa akikonda.

Binti wa Fundi, aliyekuwa akiuza katika duka la dawa, alipita kumsalimia akampapasa paka mgongoni.

"Mama, huyu amebaki mifupa. Chakula anamaliza nani?"

"Labda paka wa jirani."

"Apite wapi? Madirisha yote yana wavu."

Fundi akajifanya anatafuta mkasi.

Wakampeleka Shangazi kwa daktari wa wanyama. Daktari akamfunua mdomo, akamminya tumbo, akapima damu, akasema figo zimechoka lakini bado zinafanya kazi. "Shida yetu ni kula. Paka mzee akikaa na njaa, ini linaharibika upesi sana. Saga chakula, kipashe moto kidogo kitoe harufu, umlishe kwa bomba la sindano pembeni mwa shavu. Usimwache akae na njaa, atakufa."

Neno hilo la mwisho Fundi alirudi nalo nyumbani. Akamfunga paka kwenye taulo kama mtoto mchanga, akampakata, akaanza kumlisha. Shangazi alipigana naye kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua anazo. Alipomeza, alimtazama kwa macho ya mtu aliyeuzwa na ndugu yake, na Fundi akamwomba radhi kwa sauti.

Hapo ndipo aliposikia. Shangazi alimeza, na kule pembeni nyuma ya cherehani, kitu kingine kikameza.

Akasubiri. Akasukuma tone jingine. Paka akameza, na kule pembeni koo likalia tena, zito zaidi, koo la mtu mzima. Pamoja na sauti ile ikaja harufu ya pasi ya moto iliyowekwa juu ya kitambaa kibichi, ilhali pasi ilikuwa rafuni, baridi, waya umezungushwa kwenye mpini. Nje kulikuwa na jua, watoto wa majirani walikuwa wakicheza mpira, mtu alikuwa akigonga misumari juu ya bati, na ndani ya mchana huo mweupe kanyagio la cherehani likaanza kupanda na kushuka polepole, bila uzi, bila kitambaa, bila mguu wowote juu yake, kama mtu anayejipitishia muda huku akingoja sahani ya pili.

Fundi alitoka na paka kifuani, kiatu kimoja mguuni, akaenda moja kwa moja kwa Baridi.

Baridi alikuwa fundi wa majokofu, na ndiko alikopatia jina hilo. Watu walimwita pia kwa mambo ambayo hayakuhusu majokofu, na kwa hayo alikuja na mkoba ule ule wa bisibisi. Hakuimba wala hakutikisa kichwa. Alipofika kwa Fundi alizunguka chumba akinusa, akapiga magoti kwenye mto wa Shangazi, akafumua mshono kidogo kwa kucha. Ndani ya foronya kuukuu kulikuwa na kitambaa cha kijani kilichokolea, laini mno.

"Hii nguo ya nani?"

"Gauni la mteja," Fundi akanong'ona. "Hakurudi kulichukua."

Kila mshonaji ana msumari wa nguo zisizochukuliwa. Unangoja, unangoja tena, mwisho unazikata viraka. Gauni lile lilikuwa la mwanamke aliyeingia jioni moja ya mvua akiwa mkavu, na Fundi alimpima kiuno mara tatu kwa sababu kila mara tepu ilisoma namba nyingine. Alijisemea ni macho yake yanaanza kuzeeka. Alipoona hakuna anayekuja, na Shangazi anatetemeka kwa baridi ya uzee, akalikata akamshonea mto bila kufikiri.

"Alirudi," Baridi akasema chini kwa chini. "Akakuta nguo yake imeshapata mwili. Kwake huo mwili ni wake sasa. Anataka kuuvaa."

"Mbona Shangazi bado ni Shangazi?"

"Kwa sababu hataki kula naye. Wakishakula sahani moja, yule mgeni ameshakaribishwa. Paka wako haumwi, mama. Anafunga mlango."

Fundi akatazama bomba la sindano mkononi mwake, na machozi yakamtoka bila sauti. Yeye ndiye aliyekuwa akiufungua mlango huo, tone kwa tone, kwa mapenzi yake yote.

Baridi akaufumua mto, akakianika kitambaa kwenye kamba ya nguo uani. "Mwenyewe atakuja kukichukua. Ukiona kamba tupu, ameondoka, mlishe paka wako ashibe. Kabla ya hapo usimpe kitu. Hata maji."

"Daktari amesema atakufa."

"Anaweza kufa, sikufichi. Lakini atakufa akiwa Shangazi."

Akaondoka. Fundi akaketi mlangoni, paka mapajani, macho kwenye kamba. Jua likahama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Kitambaa kilikuwa kikicheza ingawa hakukuwa na upepo, kikijaa na kupungua kama kifua cha mtu, lakini hakikuondoka. Shangazi alipumua kwa shida. Masikio yake yalikuwa yamepoa. Fundi alimsemesha habari za zamani, jinsi alivyomkojolea shemeji viatu, jinsi marehemu alivyomgombeza hadharani na kumbembeleza faraghani. Akazungumza ili asisikie, kule ndani ya nyumba, cherehani ambayo sasa ilikuwa ikienda mbio.

Ghafla ikanyamaza. Shangazi akainua kichwa, akamtazama Fundi usoni, akalia. Kilikuwa kile kilio chake cha njaa, cha kila asubuhi, cha miaka yote. Akamsukuma Fundi kidevu kwa paji la uso, akafungua mdomo wake mdogo wa waridi, akangoja.

Fundi akatazama kamba. Kitambaa kipo. Akajua anachotakiwa kufanya, akajua na sababu yake, na akajiona anainuka, anaingia jikoni, anapasha samaki, anatoa miba, kwa sababu kiumbe aliyekuwa naye peke yake duniani alikuwa akimwomba chakula na yeye hakuwa na moyo wa kumnyima. Akaweka sahani chini. Paka akala. Akala bila kuinua kichwa, na pembeni nyuma ya cherehani hakukusikika koo la mtu mwingine yeyote. Uani kitambaa kikaanguka chini, kikawa kitambaa tu.

Jioni binti akapiga simu. "Anakula?"

"Anakula."

"Mungu mkubwa. Mbona unalia sasa?"

"Furaha," Fundi akajibu, akakata simu.

Samaki walikuwa wameisha, maziwa yameisha, nyama iliyokuwa kwenye jokofu imeisha ikiwa ingali na barafu. Paka akajilamba makucha, akaja taratibu, akaketi mbele ya miguu yake, akaanza kuitazama ile miguu, kutoka unyayo kwenda juu, kwa subira ya mgeni aliyekwishaambiwa ajisikie yuko nyumbani. Na Fundi, akiwa ameubana mlango wa jokofu tupu kwa mgongo wake, akamwambia kwa sauti ile ile ya kubembeleza, "Ngoja, mama. Ngoja nikutafutie kingine."